Honda CG125 ya zamani bado ni pikipiki ya kununua

Anayetaka pikipiki ya zamani ya kuendesha kila siku, siyo ya kuegesha barazani ikapigwa picha, aanzie kwenye Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976, Ulaya iliuzwa hadi 2008, na Pakistan bado inaunganishwa mpaka leo ikiwa na injini ileile ya fito, yaani vyuma vyembamba vinavyosukuma valvu. Ni pikipiki chache sana za umri huo ambazo zikikuharibikia Singida au Kitui unaweza kupata spea kabla jua halijazama. Sababu ni kwamba viwanda vya China viliiga injini hii, na pikipiki nyingi za bodaboda za cc 125 na 150, SanLG na Fekon zikiwamo, ni za ukoo huo. Boxer na TVS HLX hazimo: kemshafti zake (shafti inayofungua valvu) ziko juu na huzungushwa na cheni, kwa hiyo spea zake hazitakusaidia.

Honda waliiunda kwa ajili ya nchi ambazo oili hubadilishwa pale mtu anapokumbuka. CB125S iliyoitangulia ilikuwa na kemshafti kwenye silinda hedi, na oili ikipungua au ikichoka, huko juu ndiko kunakoumia kwanza. Kwenye CG kemshafti imeshushwa chini, jirani na oili, inazungushwa kwa giya kutoka kwenye kreki (shafti kuu ya injini), na valvu zinasukumwa kwa fito mbili ndefu. Hakuna cheni ya taiming ya kulegea wala tenshena (kikaza cheni) ya kuchakaa. Ukifungua hedi kubadilisha gasketi, huna haja ya kupanga taiming upya. Hiyo ndiyo raha yake kubwa, na ndiyo maana fundi wa chini ya mwembe anaifungua kwa spana chache asiikosee.

Barabarani usiidai makuu. Nguvu yake ni kama farasi 11. Inakwenda kilomita 70 kwa saa siku nzima bila kulalamika, inapita kilomita 40 kwa lita moja ya petroli, na ni nyepesi kiasi kwamba mtu mmoja anaigeuza kwenye uchochoro kwa mkono. Ukibeba mtu na kupanda mlima, shusha giya mapema, kwa sababu injini hii inapenda kuzunguka na ukiilazimisha giya kubwa itanoki. Sauti yake ni ya chini na ya mpangilio, na kiki ikiwa kila kitu kimekaa sawa ni moja tu. Breki za dramu za mbele na nyuma ndizo udhaifu wake wa kweli. Zinatosha kwa mwendo wake zikiwa kavu, lakini ukivuka maji zibonyeze taratibu mara kadhaa mpaka zishike tena.

Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Injini iliyopashwa moto huficha mengi. Anza na namba: ya chesesi imegongwa kwenye shingo ya usukani, ya injini iko kwenye kizimba cha injini, na zote mbili zifanane na zilizomo kwenye kadi ya usajili. Namba ya injini ya Honda za zamani kwa kawaida huanza na CG125E. Ukikuta imeandikwa 156FMI, hiyo ni injini ya Kichina ya cc 125. 162FMJ ni ya cc 150. Tarakimu mbili baada ya 1 ni upana wa silinda kwa milimita, yaani 56 au 62. Injini ya namna hiyo ndani ya fremu ya Honda siyo dhambi, inatembea vizuri tu, lakini usiilipie bei ya Honda, na hakikisha kadi imerekebishwa.

Kisha washa ikiwa baridi, utazame ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka kwa sekunde chache baada ya kuwasha, au unapoongeza mafuta baada ya kuteremka mlima, ni sili za valvu au gaidi zake (mirija inayoongoza valvu). Hiyo ni kazi ndogo. Moshi wa bluu usiokatika injini ikibeba mzigo ni ringi na silinda. Ukitaka uhakika, pima kompresheni, kisha tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Ikipanda sana, ringi zimekwisha. Ikibaki palepale, valvu hazikai vizuri.

Sikiliza pia mlio wa tik-tik upande wa juu. Kidogo ni kawaida. Mlio usipoondoka baada ya kuseti valvu, kemu (nundu ya kemshafti) na vidole vinavyobeba fito vimelika, na hayo ni matunda ya miaka mingi ya oili nyeusi. Vinapatikana, ila badilisha vyote pamoja; kidole kipya juu ya kemu iliyolika hakidumu. Mwisho, shika tairi la nyuma ulitikise kushoto na kulia kuona kama bushi za swingi amu zimekwisha, na uangalie kama boksi la cheni lipo. CG za asili zilikuja na cheni iliyofunikwa kabisa, na watu wengi walilitupa kwa uvivu wa kulifungua. Pikipiki yenye boksi iongezee thamani: cheni isiyoona mchanga inaishi mara nyingi zaidi.

Sasa spea. Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utapewa kitu kinachoitwa "ya CG" bila maelezo, kwa hiyo nenda na kipimo. Pistoni ya asili ni mm 56.5, na zipo za kuzidisha kwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Peleka silinda kwa fundi wa leth ukiwa umeshanunua pistoni, ili achonge kwa kuipima hiyo hiyo. Kwenye kufunga, alama ya IN iliyo juu ya pistoni ielekee upande wa kabureta, na midomo ya ringi isipangwe mstari mmoja. Usikubali kushawishiwa kuvalisha silinda ya cc 150: mkia wake ni mnene, hauingii kwenye kizimba cha 125 bila kukichonga, na ukishakichonga huwezi kurudi nyuma. Kabureta ya sokoni inayofaa ni PZ26. PZ27 ni ya injini kubwa; ukiiweka hapa itakula petroli na plagi itakuwa nyeusi kila mara. Plagi ni NGK D8EA, uwazi mm 0.6 hadi 0.7.

Kazi inayoharibiwa zaidi na mafundi ni kuseti valvu. Wengi huseti kwa sikio, na sikio linapenda ukimya. Valvu iliyokazwa mpaka ikanyamaza haifungi vizuri injini ikipata moto. Pikipiki inakosa nguvu, inagoma kuwaka ikiwa ya moto, na valvu ya ekzosi inaungua. Kipimo ni mm 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa imelala usiku kucha. Toa plagi, zungusha sumaku (gurudumu zito la kuzalisha umeme kwenye kreki) mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kizimba. Roka zote mbili zinapaswa kucheza. Zisipocheza, ongeza mzunguko mmoja kamili. Ingiza fila geji (bapa jembamba la kupimia uwazi), kaza skrubu mpaka uhisi inashikwa kidogo inapovutwa, ishikilie skrubu kwa nguvu wakati unakaza nati, kisha pima tena, kwa sababu nati huizungusha skrubu na kukudanganya. Rudia kila kilomita 3,000 hivi.

Oili ni karibu lita moja tu, na hiyo lita inalainisha klachi na giya pia. Tafuta yenye alama ya JASO MA, ya oili za pikipiki ambazo klachi yake huloa oili; oili za gari zilizowekewa dawa ya kupunguza msuguano hufanya klachi iteleze. Kwenye vumbi letu badilisha kila kilomita 1,500 hadi 2,000. Kijiti cha kupimia kisokotwe? Hapana, kiweke tu juu ya tundu bila kukifunga, usome. Na kila kilomita 12,000 fungua kifuniko cha upande wa klachi usafishe chujio la kuzunguka lililo mwisho wa kreki. Ndani yake utakuta tope gumu jeusi. Limekwanguliwa mara chache sana kwenye pikipiki nyingi zilizopo mtaani.

CG za mwanzo zina umeme wa volti 6 na platini, swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche. Platini ziwe na uwazi wa mm 0.3 hadi 0.4, na usiendeshe betri ikiwa imekufa, kwani betri ndiyo inayozuia umeme kupanda na kuunguza balbu. Ukichoka nazo, hamia volti 12 na CDI (kifaa cha umeme kinachochukua kazi ya platini), lakini badilisha seti nzima: sumaku, koili zake, CDI, koili ya plagi, rektifaya, betri na balbu. Kabla ya kukaza nati, hakikisha sumaku mpya imekaa sawasawa kwenye koni ya kreki bila kuyumba. Na ya zamani itolewe kwa pula yake. Anayeing'oa kwa nyundo anapinda kreki, na hapo umeingia gharama inayokaribia bei ya pikipiki.