Jioni ya vionjo Mama Ngina: simama palipo na moshi

Ukienda tamasha la vyakula Mombasa, fuata moshi. Banda lenye jiko linalowaka mbele ya macho yako ndilo la kupangia foleni; lenye masufuria yaliyofunikwa tangu alasiri, lipite. Nasema hivi kwa sababu wenzangu kadhaa tulioingia nao pamoja Jumamosi walirudi wakinung'unika kwamba chakula kilikuwa cha kawaida, na mimi nilikula vizuri mno. Nyota 4 kati ya 5, na ile moja iliyobaki nitaieleza.

Tamasha lilikuwa Mama Ngina Waterfront, upande ule wenye mibuyu, meli zikipita mbele yako kuingia bandari ya Kilindini. Kiingilio unalipa kwa M-Pesa, kisha kila banda linauza vionjo vyake, vingi kati ya shilingi 150 na 300. Hoteli za Nyali zimepangwa bega kwa bega na wapishi wa Mji wa Kale, na hapo ndipo penye faida: sahani ambayo mezani ingekula nusu ya pesa zako za wiki, hapa unaionja kwanza ndipo uamue.

Nianze na samaki wa kupaka, maana kwa hilo peke yake ningelipa kiingilio tena. Bi mkubwa mmoja alikuwa na seredani lake, lile jiko la makaa, na mbuzi ya nazi kando, msichana anakuna, yeye anachuja tui kwa kifumbu. Samaki wenyewe ni changu, wamepasuliwa mgongoni, wanachomwa kwanza wakavu mpaka karibu waive. Rojo linachemka pembeni: tui zito, ukwaju, saumu, tangawizi, pilipili mbichi. Likishashika ndipo anampaka samaki, anamgeuza, anampaka tena, matone yanaangukia makaa na ule moshi wake unamrudia samaki. Nikamwambia, "Mama, nipakulie huyo wa mbele." Akanijibu, "Huyo bado, mwanangu. Rojo halijamwingia. Subiri kidogo." Foleni nyuma yangu ndefu, na bado hakuharakisha. Alipomtoa jikoni, rojo lilikuwa limeungua kidogo pembezoni, ndani nyama nyeupe inateleza, ukali wa ukwaju unakuja mwisho kabisa. Tui la kukunwa papo hapo halina ule uzito wa tui la pakiti unaokwama kooni. Nimekula samaki wa kupaka maisha yangu yote, na huyu namweka juu.

Biriani ndiyo iliyoniuma. Mkahawa siutaji, kwa kuwa biriani yao ya mezani naijua na ni nzuri. Lakini biriani yetu wali hupikwa mbali na masala mbali, na masala ndiyo yenye kazi yote: vitunguu vilivyokaangwa vikakauka, mtindi, nyanya, viazi, nyama iliyolainishwa kwa papai bichi. Ukiitia kwenye kikombe cha karatasi, wali ukajaa hadi juu na masala kijiko kimoja, hujampa mtu biriani. Kiazi hakuna, kachumbari hakuna, na wali wenyewe umepoa. Ningewashauri wapunguze wali hadi robo na masala yaongezwe, hata kama bei itapanda. Mgeni anayeionja kwa mara ya kwanza pale ataondoka akidhani ndiyo hiyo.

Viazi karai vilikuwa vya moto, unga mwembamba, chatini ya ukwaju kali. Mishikaki sawa tu. Sambusa zilikuwa zimekaa muda mrefu.

Hoteli moja ya Nyali ilinifurahisha kwa pweza. Mpishi, kijana wa miaka ishirini na kitu, amemchemsha mpaka akalainika, kisha akambabua kwenye makaa kwa dakika chache na kumweka juu ya muhogo wa nazi uliopondwa, na achari ya embe kidogo ubavuni. Pweza mgumu ni adhabu, na huyu alikatika kwa uma wa plastiki. Muhogo ulihitaji chumvi zaidi. Hata hivyo napenda mtu anayechukua chakula cha nyumbani kwetu na kukishughulikia kwa heshima badala ya kukificha chini ya jibini.

Nilimalizia kwa kahawa chungu yenye tangawizi, iliyomiminwa kutoka dele la shaba, na kipande cha halua. Hapo sina la kuongeza.

Sasa ile nyota. Chakula chetu kinaliwa kwa mkono, na pa kunawa palikuwa mahali pamoja tu, mbali, karibu na lango. Watu walikuwa wakizunguka na vidole vyenye rojo wakitafuta karatasi. Viti navyo vilikuwa vichache, na nilimwona mzee anakula amesimama huku ameshika mkongojo. Ndoo za maji zenye bomba na sabuni hazigharimu pesa nyingi. Waandaaji waziweke kila baada ya mabanda machache, na benchi wawaachie wazee.

Mkienda, fikeni saa kumi na moja jioni na muanze na samaki. Baada ya Magharibi foleni hurefuka sana, na kabla ya saa mbili lile seredani la bi mkubwa lilikuwa limebaki na makaa matupu.