Uzoefu wangu na filamu ya Straw Dogs: nilichokishangilia ujanani

Nimeitazama filamu ya Straw Dogs ya mwaka 1971 mara mbili, na kati ya mara hizo imepita miaka ishirini hivi. Mara ya kwanza nilikuwa chuoni, vijana wanane tumejazana chumba kimoja, na ilipofika nusu saa ya mwisho tulisimama tukapiga makofi kama tuko uwanjani. Mara ya pili ilikuwa mwezi uliopita, kwenye diski niliyoinunua mwenyewe, nikiwa nimeketi na mke wangu, na safari hii nilinyamaza mpaka mwisho.

Filamu hii ya mwongozaji Sam Peckinpah inamhusu David Sumner, mwanahisabati wa Kimarekani anayeigizwa na Dustin Hoffman, aliyehamia na mkewe Amy, ambaye ni Susan George, kijijini kwa mke huyo huko Cornwall, Uingereza, ili apate utulivu wa kufanya utafiti wake. Mafundi aliowaajiri wamtengenezee banda la gari wanamdharau waziwazi. Paka wa nyumba anakutwa amenyongwa, ananing'inia ndani ya kabati la nguo. Amy anamsihi mumewe awaulize, lakini David anawakaribisha ndani wamsaidie kutundika mtego wa kale wa kunasia watu, na Amy, kwa uchungu, anawaletea sinia yenye bia pamoja na kibakuli cha maziwa cha yule paka. Kile kibakuli kwenye sinia, ambacho ujanani sikukiona kabisa, ndicho kilichonifanya nisimamishe filamu na kuirudisha nyuma.

Wengi huieleza filamu hii kama hadithi ya msomi mpole ambaye unyama uliojificha ndani yake unaamka na kuishinda akili. Mimi sasa naliona jambo hilo kwa namna nyingine. Wanaume wale wanapoizingira nyumba usiku wakimtaka Henry Niles, mtu mwenye ulemavu wa akili ambaye David amempa hifadhi, David hapagawi; anapiga hesabu. Anachemsha sufuria jikoni awamwagie wavamizi, anawasha santuri ya zumari za Kiskoti kwa sauti ya juu, na ule mtego uliokuwa pambo la ukutani unarudia kazi yake ya asili. Akili yake ndiyo inayoua, tena kwa ustadi uleule aliokuwa akiutumia ubaoni.

Hata hivyo, huyu anayehesabu kila kitu hajui mambo mawili makubwa. Hajui kuwa Niles amemuua msichana wa kijiji, japo hakukusudia. Hajui pia kwamba siku mafundi walipomwalika kuwinda na kumwacha peke yake nyikani, wawili kati yao walirudi nyumbani wakambaka mkewe. Amy hakumwambia, na yeye hakuwahi kumtazama vizuri kiasi cha kugundua. Kwa hiyo ile vita tuliyoishangilia haikuwa ya kumtetea mke, kwa maana katikati yake anampiga kofi mke huyohuyo na kumvuta nywele. Alikuwa akitetea nyumba, na jina lake mbele ya wanaume wenzake. Sisi tuliolelewa kwa neno "jikaze" tuliuona huo kuwa uanaume kamili, na inaniuma kwamba katika chumba kile hakuna aliyemtaja Amy hata mara moja.

Onyo kwa anayetaka kuinunua: tukio la ubakaji ni zito, na mwongozaji amelipiga kwa namna inayoacha shaka kana kwamba Amy aliridhia kwa sehemu fulani. Hilo silikubali, na ndilo linalonifanya niiondolee filamu nyota moja kati ya tano. Uingereza yenyewe haikuiruhusu filamu hii kwenye video tangu 1984 hadi 2002. Isitazamwe na watoto, na isitazamwe na mtu aliyepatwa na mkasa kama huo bila kuambiwa mapema. Toleo jipya la 2011, ambalo hadithi yake imehamishiwa jimbo la Mississippi, Marekani, nililitazama pia, na sikuona sababu ya kulirudia.

Mwishoni David anaendesha gari gizani akiwa na Niles, ambaye anasema haijui njia ya kurudi kwao. David anajibu kuwa hata yeye haijui, na anatabasamu. Mke wangu aliniuliza Amy yuko wapi wakati huo. Yuko nyumbani, ameachwa peke yake na maiti.