Kozi ya walimu kuhusu taka za plastiki: nzuri, ila video zake mmh

Nimemaliza hii kozi ya onlaini ya kufundisha wanafunzi wahamasishe jamii dhidi ya plastiki, na niseme ukweli nilijiunga nikidhani ni zile za kuchora bango la "tunza mazingira" basi. Kumbe wapi! Kipindi cha pili wanafunzi wanakata chupa ya maji na kifuniko chake vipande vidogo, wanatia kwenye beseni la maji, vya kifuniko vinaelea vya chupa vinazama, darasa langu walipiga kelele utadhani goli limeingia. Hapo ndo unawaeleza kuwa hizo ni plastiki mbili tofauti, chupa ina namba 1 kitakoni, kifuniko mara nyingi ni namba 5 au 2, zikichanganywa hovyo kurejeleza kunakuwa shida.

Halafu wanahesabu taka za shule wiki nzima na kupeleka hesabu kwa wahusika wakiwa na ombi MOJA tu, hotuba hakuna. Wangu waliomba kantini iache mirija, mama wa kantini akabisha weee, binti mmoja akamwagia mezani mirija 212 waliyoiosha wenyewe, mama kimya.

Ubaya: video nzito zinakula bando, plastiki ndogondogo (zile chini ya milimita 5) zimepitiwa juujuu, na kuchoma plastiki hawajagusa kabisa wakati PVC (plastiki ya mabomba) ikiungua inatoa sumu za dayoksini. Nyota 4, ya tano wakiongeza hicho kipindi.