Mapitio ya mkusanyo mmoja wa mashairi ya Kirumi: nusu ya kwanza inasomeka, ya pili imekatwa vibaya

Kwa muda wa miezi miwili nimekuwa nikisoma juzuu dogo la mashairi ya Kirumi ambalo mchapishaji wake analinadi kuwa ni hazina ya hekima isiyochakaa, lenye Kilatini katika ukurasa wa kushoto na tafsiri ya Kiingereza katika ukurasa wa kulia. Sehemu yake ya kwanza inatoa mashairi mazima. Ya pili inatoa mishororo mojamoja iliyokusanywa huku na huku na kupangwa kwa mada: mapenzi, kazi, afya na nyinginezo. Sehemu hizo zimo ndani ya jalada moja, lakini siwezi kuzipa alama moja.

Nililinunua kwa ajili ya Horatius, na kwa upande huo sijutii. Huyu alizaliwa mwaka 65 KK mjini Venusia, mwana wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa kisha akaachwa huru; mwaka 42 KK alipigana huko Philippi katika jeshi la Brutus lililoshindwa, na baadaye akakiri mwenyewe katika shairi kwamba alikimbia akaiacha ngao yake. Mtu wa namna hiyo anapozungumzia kiasi na muda, humsikilizi kama unavyomsikiliza tajiri anayekushauri uridhike.

Shairi la 11 katika kitabu cha kwanza cha Oda zake, yaani mashairi yake mafupi ya mtindo wa nyimbo, kilichotolewa pamoja na cha pili na cha tatu mwaka 23 KK, lina mishororo minane tu, na humo ndimo yalimotoka maneno carpe diem. Kiingereza kimezoea kuyageuza kuwa amri ya kuikamata siku, kana kwamba siku ni mwizi anayetoroka. Kitenzi hicho Warumi walikitumia kwa tunda na kwa ua, na Kiswahili kinacho tayari: kuchuma. Mfasiri wa juzuu hili ameliona jambo hilo, akachagua neno la kuchuma, kisha akaeleza kwamba mshororo uliotangulia nao una harufu ya shamba, pale mshairi anapomwambia Leuconoe, mwanamke anayeelekezewa shairi hilo, alikate tumaini refu kwa kuwa muda wenyewe ni mfupi, kama mkulima anavyopogoa mzabibu uliotambaa kupita kiasi. Anayesoma shairi kwa mfuatano huo, kupogoa kwanza na kuchuma baadaye, hawezi tena kulitumia kama kisingizio cha kuponda mali.

Katika mshororo wa sita nilicheka peke yangu, kwa sababu nililiona neno vina, ambalo kwa Kilatini ni divai, anayoambiwa Leuconoe aichuje. Vina vyetu sisi havimo. Mashairi haya husimama juu ya mpangilio wa silabi ndefu na fupi, na kila mshororo hapa una mizani 16. Mfasiri hakujaribu kuuiga mpigo huo, nami simlaumu.

Shairi linalomhusu Licinius, la 10 katika kitabu cha pili, nalo limeachwa zima, na hapo ndipo faida ya kuachwa zima inapoonekana. Wengi hukumbuka onyo la kutoelekea bahari kuu kila siku, wakasahau kwamba papo hapo Horatius anamkataza nahodha kuung'ang'ania ufuo wenye miamba kwa kuogopa dhoruba. Mishororo ya mwisho inakwenda mbali zaidi, ikitaka tanga lililojaa lipunguzwe upepo unapokuwa mwema kupita kiasi. Martialis naye ana mishororo yake 13 kwa rafiki mwenye jina kama lake, inayoorodhesha mambo yanayoleta maisha ya raha, likiwamo la kutoiogopa siku ya mwisho wala kuitamani. La kwanza kabisa katika orodha hiyo ni mali ya kurithi isiyotolewa jasho, ushauri ambao nakiri nimechelewa kuufuata.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonichosha. Chini ya mada ya mapenzi tunapewa maneno ya Vergilius kwamba Mapenzi hushinda yote, kisha nafasi tupu, kana kwamba ni kadi ya harusi. Katika shairi lenyewe, ambalo ni la 10 na la mwisho katika mashairi yake ya wachungaji, msemaji ni Gallus, aliyeachwa na Lycoris aliyemfuata mwanamume mwingine hadi kambi za jeshi, na utao wa mshororo huohuo unasema: nasi tujisalimishe kwake. Chini ya mada ya kazi tunaambiwa kwamba kazi ilishinda kila kitu, huku kivumishi improbus, kinachoifanya kazi hiyo kuwa kali isiyo na huruma, kikiwa kimekatwa kwa sababu tu kinaangukia mshororo unaofuata. Pamoja nacho imekatwa dhiki inayombana mtu nyakati ngumu, ambayo Vergilius ameitaja katika sentensi ileile.

Kosa hilohilo limemkuta Juvenalis. Akili timamu katika mwili wenye afya imewekwa kama ahadi kwa wafanya mazoezi, ilhali katika satira yake ya 10, yaani shairi la kukejeli tabia za watu, maneno hayo yametanguliwa na kitenzi cha kuomba. Satira nzima imekwisha kuonyesha jinsi watu wanavyoangamizwa na yale waliyoyaomba, utajiri, madaraka, uzee mrefu, uzuri wa sura, ndipo mshairi anapotaja jambo ambalo mtu akilazimika kuomba, aliombe hilo.

Mhariri angeweza kujiokoa kwa kutaja kila mshororo umetoka katika kazi gani na mahali gani, lakini ameweka jina la mshairi tu, hivyo msomaji asiyekuwa na vitabu vingine hana njia ya kujua alichonyimwa. Kuhusu uchapaji, Kilatini na tafsiri huachana kwa ubeti mzima kuanzia katikati ya juzuu, na majani mawili yamekwisha kubanduka. Mapambizo, kwa bahati nzuri, ni mapana, na karatasi inapokea penseli vizuri. Improbus nimekwisha kukirudisha kwa mkono wangu, pamoja na kitenzi cha Juvenalis.