Uzio wa alumini wa kuhamisha kwa kazi za juu ya slabu: uzoefu wangu hapa Kigoma

Kama unafunga sola au matenki juu ya nyumba za slabu, yaani zenye paa bapa la zege, huu uzio ununue, au ukodi kwa mwenye nao. Nimeutumia kiangazi chote na kuingia nao kwenye mvua, kwenye majengo ya Mwanga, Gungu na kule mjini karibu na stesheni. Yapo nisiyoyapenda na nitayasema. Lakini kazi yake ya msingi unaifanya: fundi akirudi kinyumenyume ameshika paneli, mgongo wake unakutana na bomba kabla mguu haujakanyaga hewa.

Anayekaa chini hawezi kujua hatari ya paneli. Hizi kubwa za wati 550 zina urefu wa zaidi ya mita 2, upana wa mita 1 na ushee, na uzito wa karibu kilo 28. Ukiibeba huoni miguu yako. Halafu inashika upepo. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao alasiri ziwani wala si wa kushangaza, unaisukuma paneli ya namna hiyo kwa nguvu ya takribani kilo 15, na nguvu hiyo inakufika wewe uliyeishika. Ndiyo maana sikubali tena kauli ya "tutakuwa makini". Umakini hauzuii upepo.

Mkanda wa usalama tunao na tunauvaa, ila slabu nyingi hazina mahali pa maana pa kuufunga, na kamba inamfuata fundi kila anakokwenda, inajinasa kwenye fremu na nyaya. Uzio unawalinda wote waliopo juu bila mtu kukumbuka kufunga ndoano.

Sasa umbo lake. Kila fremu ina nguzo, bomba la juu kwenye sentimita 110, bomba la kati, na ubao wa chini wa sentimita 15. Huo ubao watu wanaupuuza, nami nauona wa lazima: unazuia spana na nati zisidondoke kwenye vichwa vya waliokaa kibarazani au bodaboda waliopaki chini. Nyuma kuna mguu wa mita 1.5 unaolala kuelekea ndani ya paa, na mwisho wake unakaa dumu la lita 20. Hapa ndipo aliyebuni alipofikiri vizuri. Fremu inapanda ngazi ikiwa nyepesi, uzito unautengeneza ukishafika juu. Kama kuna tenki la maji paani, unavuta mpira, unajaza dumu, na jioni unamwaga.

Wepesi wenyewe si maneno ya muuzaji. Bomba la chuma la jukwaa, lile la milimita 48 lenye unene wa milimita 4, lina kilo 4.4 kila mita. La alumini la kipenyo hichohicho, japo lina unene kidogo zaidi, halifiki kilo 1.7. Mlalo mmoja wa mita 2 unatoka karibu kilo 9 na kuwa kilo 3 na kitu. Kijana mmoja anapanda na fremu begani huku mkono mmoja umeshika ngazi, na seti nzima inaingia kwenye kirikuu pamoja na paneli. Tulikuwa na vizuizi vya chuma kabla ya hapo, imara kabisa, na mara nyingi vilibaki stoo kwa sababu hakuna aliyetaka kuvipandisha. Kwangu hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote. Kizuizi kilichobaki stoo hakimzuii mtu.

Ila alumini ina gharama yake: inapinda takribani mara tatu zaidi ya chuma chenye umbo na unene uleule. Kwa hiyo usiruhusu mtu akuuzie seti yenye nguzo zilizoachana sana ili kupunguza bei. Na viungo viwe vya klampu na bolti. Ukichomelea aloi ya alumini (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) kama ile iitwayo 6061, sehemu iliyo jirani na kiungo inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, hata mchomeleaji awe hodari namna gani. Bolti ikilegea naikaza kwa spana nikiwa hukohuko juu.

Hesabu ya dumu niliifanya mwenyewe na ninaomba kila mnunuzi aifanye. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo dumu lililojaa ni kilo 20. Zidisha kwa mita 1.5 za mguu unapata 30. Gawa kwa mita 1.1, kimo cha bomba la juu kutoka sakafuni, unapata kama 27. Maana yake nguzo moja ikiwa peke yake, ukiacha uzito wa fremu, inavumilia msukumo wa kilo 27 hivi kabla mguu wa nyuma haujainuka. Kiwango cha Ulaya cha vizuizi vya muda vya ukingoni, EN 13374, kwa daraja A kinadai nyutoni 300, yaani kama kilo 30. Kanuni za Marekani kwa kazi za ujenzi zinadai pauni 200, kama kilo 90. Maji matupu hayatoshi. Mchanga mkavu kwenye dumu lilelile unafika kilo 30 na zaidi, na nguzo moja inapanda mpaka kilo 40 hivi. Zaidi ya hapo lazima fremu ziunganishwe ili nguzo za jirani zibebe, na mwisho wa mstari ukunjwe kuingia ndani, kama herufi L. Fremu moja iliyosimama yenyewe ukingoni nisingeiegemea, na siruhusu mtu aiegemee.

Halafu kuna kuteleza, jambo ambalo maelekezo yaliyokuja na seti yameligusa juu juu. Soli za raba zinashika zege safi, lakini slabu yenye vumbi au ukungu wa kijani wa masika haishikiki. Tunafagia kwanza. Vilevile hapa kwetu slabu nyingi zina nondo zilizoachwa zimesimama kusubiri ghorofa inayofuata. Miguu ya nyuma tunaifunga kwenye nondo za nguzo kwa kamba imara, na ncha za nondo tunazivika chupa ngumu za plastiki ili tuzione, ingawa chupa haiizuii nondo kumchoma atakayeiangukia, hivyo tunakaa mbali na eneo hilo.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alituzuia mlangoni. "Wanangu, hivyo vyuma havitanitobolea slabu? Nimepaka dawa ya kuzuia maji juzi tu." Nikamwambia, "Hapana mama, hatutoboi popote, njoo uone soli zake." Alipanda akazigusa, akaridhika. Kwa paa lililokwisha kupakwa dawa, kutotoboa ni faida kubwa.

Kuna swali la nani anamlinda anayeusimamisha. Fremu hizi unazifungua ukiwa mbali na ukingo, unaziunganisha, kisha unazisukuma kwenda mbele. Hata hivyo tunafanya hivyo tukiwa na mikanda.

Malalamiko yangu. Pini za kuunganishia ni za chuma cha kawaida, na chuma kikikaa ndani ya alumini penye unyevu, alumini inaanza kulika. Nimebadilisha nikaweka pini za chuma kisichoshika kutu. Pia seti haina geti pale ngazi inapofikia, ukaachwa uwazi mahali ambapo watu wanapita zaidi. Geti linalojifunga lenyewe lilitakiwa liwe sehemu ya bei, si nyongeza. Na usitundike turubai wala bango kwenye uzio, hata mteja akiomba. Litashika upepo na hesabu yote ya dumu itavurugika.

Kwa nyumba za bati, ambazo ndizo nyingi hapa mkoani, uzio huu haufai. Kwa kiwango kile cha Ulaya, uzio wa daraja A mwisho wake ni paa la mteremko wa nyuzi 10. Paa lako likizidi hapo, tafuta kinga ya aina nyingine.

Wenye kampuni ndogo kama yangu wajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtwika mwajiri jukumu la usalama wa vijana wake, hata wawe vibarua wa siku.

Kabla hujalipa, unganisha fremu chini uwanjani, funga kamba katikati ya bomba la juu, weka mizani ya ndoano kama wanayotumia wauza samaki Kibirizi, kisha vuta taratibu hadi kilo 30. Angalia mguu wa nyuma kama umeinuka na soli kama zimesogea. Wangu ulisimama ukiwa na madumu ya mchanga; ukiwa na maji uliteleza kidogo. Nimeupa nyota nne, na ya tano naishikilia mpaka waweke geti.