Sigma 150-600mm kwa ndege ya pangaboi: uzoefu wangu hapa Mwanza

Lenzi hii wengi huikodi kwa ajili ya simba. Anayeikodisha hapa mjini ni mpiga picha wa harusi, na wateja wake wakubwa ni wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Mimi niliichukua kwa shughuli nyingine. Stearman moja ya zamani, ndege ya kijeshi ya mabawa mawili mawili iliyofufuliwa ikarudi angani, ilitua uwanja wetu kutia mafuta ikiwa safarini kuelekea kusini. Rubani wake akatuambia kwamba kesho yake asubuhi, akisharuka, atapita chini chini kando ya ziwa kabla ya kushika njia.

Niseme mapema: Sigma 150-600mm Contemporary imenifaa kuliko nilivyotegemea. Lawama inayorudiwa kila mara, kwamba haipitishi mwanga wa kutosha kwa kuwa ukiivuta hadi milimita 600 tundu la kupitishia mwanga linaishia f/6.3 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), haikunigusa hata kidogo. Sababu ni pangaboi.

Ndege ya jeti unaipiga kwa 1/2000, yaani shata, pazia la kamera, inafunguka kwa sehemu hiyo ya sekunde, na kazi imekwisha. Ukiipiga hivyo ndege ya pangaboi, mapanga yanaganda na ndege inaonekana kama mdoli ulioning'inizwa kwa uzi. Stearman ina injini ya Continental yenye silinda saba zilizopangwa duara puani, nguvu za farasi 220, na pangaboi lake la mapanga mawili limefungwa moja kwa moja kwenye injini. Likiwa kazini huzunguka takriban mara 2,000 kwa dakika. Piga hesabu: ni mizunguko 33 kwa sekunde. Kwa 1/1000 panga linasogea nyuzi 12 tu, yaani ni kama limesimama. Kwa 1/125 linapata robo ya duara. Ukishuka mpaka 1/60 limeshapita nusu, na kwa kuwa mapanga ni mawili, duara zima linajaa. Picha iko hapo. Q400, ndege za abiria za Air Tanzania, ni rahisi zaidi kupiga ingawa pangaboi zake ni za polepole, mara 1,020 kwa dakika wakati wa kuruka. Zile zina mapanga sita, hivyo hata 1/100 inayaunganisha.

Sasa weka 1/60 kwenye jua la Mwanza la saa nne asubuhi. Hata usikivu wa kamera kwa mwanga ukiwa chini, ISO 100, itabidi ubane tundu mpaka karibu f/20. Hiyo f/6.3 unaililia ya nini? Tatizo linageuka: mwanga umezidi, na tundu likiwa dogo hivyo kila chembe ya vumbi iliyokaa kwenye sensa inajichora angani kama doa. Dawa ni filta ya kupunguza mwanga, lakini mdomo wa lenzi hii ni milimita 95 na filta ya ukubwa huo sijaiona duka lolote hapa mjini. Kwa hiyo mimi hufanya kazi tangu jua linapochomoza mpaka saa mbili hivi, ambapo f/9 au f/11 inatosha. Pwani yetu inatazama magharibi, basi asubuhi jua linakuwa mgongoni mwako, na maji yanarudisha mwanga chini ya mabawa, mahali ambapo ndege nyingi hutoka nyeusi tii. Jioni usijisumbue labda unataka kivuli tu.

Kwenye ubavu wa lenzi kuna kitufe cha OS, cha kutuliza mtikisiko, chenye nafasi 1 na 2. Weka 2. Hapo lenzi inatuliza mtikisiko wa juu na chini na kukuachia uhuru wa kufuatisha ndege kwa upande. Bila hivyo 1/60 ni bahati nasibu, kwa sababu ndege ya kilomita 170 kwa saa inasogea karibu sentimita 80 shata ikiwa wazi. Kitufe cha umbali kiweke kuanzia mita 10 kwenda mbele ili fokasi isihangaike na majani yaliyo mbele yako. Mazoezi niliyafanya soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kwa mwewe wanaozengea dagaa. Hao hawalipishi, na wanakata kona kuliko rubani yeyote.

Uzito ni kilo 1.93. Ndugu yake, toleo la Sports, ana kilo 2.86, na huyo mimi simbebi mkononi. Tripodi niliiacha nyumbani. Nilisimama juu ya mawe upande wa Bwiru ili ndege ikipita juu ya maji iwe usawa wa macho, nyuma yake vilima vya ng'ambo badala ya anga tupu. Babu mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu akauliza, "Mjukuu wangu, hiyo inaona mpaka Ukerewe?" Nikampa atazame. Akasema inaona mbali ila inaona kidogo, na kwa kweli ndivyo 600 ilivyo.

Ndiyo maana ndege ilipokuja nilikuwa kwenye 400 na kamera yangu ya Canon 80D. Kiwiliwili cha bluu, mabawa ya njano, rangi za mafunzo za jeshi la Marekani. Picha nyingi zilitoka na ukungu, na kwa 1/60 hilo ni la kawaida. Zilizosimama zina kila kitu: silinda zile saba, nyaya kati ya bawa la juu na la chini, michirizi ya oili tumboni, kichwa cha rubani kwenye kiti cha nyuma, maana Stearman ukiwa peke yako unaiendesha kutoka nyuma. Mji huu na mabawa mawili mawili wanajuana: Februari 1931 Imperial Airways walipoanzisha safari za kutoka London, mwisho wa njia ulikuwa Mwanza.

Kwa harusi ya ukumbini usiichukue, hapo ile f/6.3 itakuumiza kweli. Na usiende kusimama nayo kwenye uzio wa uwanja wa ndege bila ruhusa, askari hawatakuuliza unakwenda Serengeti au la. Ukodishaji ni elfu sitini kwa siku na unaacha kitambulisho. Kagua kama hudi, kikingio cha jua cha mdomoni, ipo, na kabla ya kushuka mawe funga zumu kwa kitufe chake, la sivyo lenzi inajirefusha yenyewe ukiwa umeining'iniza shingoni.