Windsor, Stonehenge na Bath kwa siku moja ya Desemba: nimempeleka Mama kwa basi

Mama alikuja London kutoka Tanga mwanzoni mwa Desemba, na tangu siku ya kwanza aliniambia jambo moja tu: anataka kuyaona "mawe yale". Aliyaona miaka mingi iliyopita kwenye kalenda ya duka la dawa, na hakuyasahau. Nikatafuta safari ya basi la watalii ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo: Windsor kwenye kasri la wafalme, Stonehenge kwenye mawe yale ya kale, na Bath kwenye hamamu ya Warumi. Kuondoka kituo cha Victoria, London, saa mbili asubuhi, kurudi saa mbili usiku. Nililipa pauni 95 kwa kila mmoja wetu, tiketi za Windsor na Stonehenge zikiwa ndani, ya Bath tukanunua wenyewe.

Jina la kampuni naliacha. Ratiba ya namna hii inauzwa na wengi, na lalamiko langu kubwa ni la ratiba.

Basi lilikuwa safi, dereva mtaratibu. Ila viti vya nyuma havikuwa na joto hata kidogo. Mpaka tunafika Windsor Mama alikuwa amejikunyata, miguu ameifunga kwa kanga aliyoitoa mkobani. Nikamwambia mwongoza watalii, naye bila ubishi akatuhamishia kiti cha pili kutoka mbele. Choo cha ndani kilifungwa siku nzima. Ukisafiri na mzee, uliza mambo haya mawili kabla hujalipa.

Windsor tulipewa saa moja na nusu, na foleni ya ukaguzi ikala dakika 25. Kasri lile lilianzishwa na William Mshindi karne ya 11, na wafalme wanalikalia mpaka leo. Kwa muda tuliopewa unapita vyumba mbio mbio tu. Tukaamua kwenda moja kwa moja kwenye Kanisa la Mtakatifu George. Kwenye kikanisa kidogo cha pembeni kuna bamba jeusi sakafuni lenye majina manne: George, Elizabeth, Elizabeth, Philip. Mama alianza shule Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na picha ya malkia ilikuwa ukutani. Alilisoma bamba lile polepole, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu Philip ndiye aliyekuja Dar mwaka 61, tulipopewa uhuru." Ni kweli, alikuja kumwakilisha mkewe, Malkia Elizabeth. Watu walikuwa wanatusukuma tusogee.

Stonehenge tulifika saa saba mchana. Mabasi yanaishia kwenye jengo la wageni, umbali wa kama kilomita mbili, halafu basi dogo linakupeleka mpaka kwenye mawe. Pale uwandani hakuna cha kuzuia upepo. Vaa soksi za sufu, skafu, kofia ya kufunika masikio, na chupa ya chai ya tangawizi usiiache nyumbani. Lakini sikilizeni, nendeni baridi hii hii! Kwenye njia ya kuzunguka mawe tulikuwa watu wachache sana. Jua lilikuwa chini, kivuli cha kila jiwe kimelala mrefu kwenye majani, na Mama aliweza kusimama atakapo bila mtu kumpita mbele na simu.

Hugusi, kuna kamba. Mama amezoea magofu ya Tongoni kule Tanga, ambako unasimama karibu kabisa na nguzo za makaburi, na kamba ile ilimuuma. Mwongozaji wetu hapa aliifanya kazi yake vizuri mno. Alieleza kwamba mawe makubwa, mengine yanapita tani 20, yalisimamishwa miaka kama 4,500 iliyopita, na yalitoka msitu wa West Woods, kilomita 25 hivi kuelekea kaskazini. Madogo yalitoka milima ya Preseli kule Wales, zaidi ya kilomita 200. Na lile lililolala katikati, wataalamu walitangaza mwaka 2024 kwamba asili yake ni kaskazini mashariki mwa Scotland, kama kilomita 700 na zaidi. Mama akanituma nimuulize: waliokufa njiani wakiyavuta walizikwa wapi? Yule kijana akanyamaza kidogo, akasema hajui, kisha akatuonyesha vilima vya makaburi ya kale vilivyotapakaa uwandani.

Sasa hapa ndipo lalamiko langu. Mawe yale yamepangwa yaelekeane na machweo ya siku fupi kuliko zote za mwaka, na sisi tulikuwa pale Desemba, wiki moja tu kabla ya siku hiyo. Saa nane na robo tukaambiwa tupande basi. Mwezi huo jua linazama kwenye saa kumi hivi. Mama aliponiuliza Magharibi saa ngapi nikamjibu saa kumi hivi, alidhani namtania. Kwetu saa hizo watu ndiyo wanatoka kuswali Alasiri. Basi lingeanzia Bath, tungeliona jua likishuka nyuma ya mawe. Tuliliona dirishani, barabarani.

Bath tuliingia giza likianguka, kwa hiyo nyumba zake za mawe ya rangi ya asali tuliziona kwa taa tu. Mama akajumuisha sala zake hapo hapo kwenye kiti, kama sharia inavyomruhusu msafiri, kisha tukaingia hamamu ya Warumi. Hapo baridi inakulipa. Maji yanatoka ardhini yakiwa na nyuzijoto 46, zaidi ya lita milioni moja kwa siku, na kwa ubaridi ule mvuke ulifunika birika lote kubwa. Ndani kuna vibamba vya madini ya risasi kama 130 vilivyookotwa majini: watu walioibiwa waliandika malalamiko yao, wakamtupia mungu wao wa kike, Sulis Minerva, amwadhibu mwizi. Mmoja, Docimedis, aliibiwa glovu mbili, akaomba aliyezichukua apoteze akili na macho. Nilipomtafsiria Mama, akashika glovu zake na kusema, "Kumbe na hawa walikuwa na albadiri yao."

Tulikaa humo saa nzima, na ndiyo saa niliyoona pesa yangu imefanya kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu: Windsor ipeni siku yake, treni kutoka London inafika kwa muda mfupi. Kwa basi, tafuteni safari ya vituo viwili tu, Bath asubuhi na Stonehenge alasiri, na mwulize muuzaji mpangilio wa vituo kabla hamjalipa. Nimeshaipata ya namna hiyo, Mama haondoki mpaka mwisho wa Januari.